Kidude Sikioni mwa Ami Tembo

Jumatatu, 3 Februari

Twaiba amekubali! Yaani, amekubali kwa sharti. Lakini sharti lenyewe dogo, na mimi ni mtu wa akili. Alhamdulillahi.

Tulikutana stendi ya Ukunda akirudi kutoka Gazi, matope ya mikoko yamemkauka vifundoni. Ndiyo kazi yake, kuotesha miche ya mikoko na akina mama wenzake, na anaipenda kuliko atakavyonipenda mimi. Hilo amenambia waziwazi. Akasema posa ije Jumamosi baada ya Alasiri, ndoa ipite kabla ya Ramadhani. Ila mzee atakayenisemea lazima atamke mbele ya babake, kwa sauti, watu wakisikia, kwamba Twaiba akiolewa hataacha kazi yake. Kinachotamkwa kwenye posa hakirudi nyuma. Kisipotamkwa, baadaye kitakuwa maneno ya hewani. Yeye atakuwa chumba cha ndani na wanawake, ametega sikio. Asipolisikia neno hilo atasema hapana, na babake si mtu wa kumlazimisha.

Nikamwambia aondoe wasiwasi, hilo limekwisha. Nikarudi kazini (natengeneza simu kibarazani pa duka la Bi Sidi, duka ni lake, kibaraza ni kama changu). Nikaimba mchana kutwa. Mteja mmoja akachukua simu yake akaondoka nayo haijapona.

Halafu nikakumbuka mshenga wangu ni nani. Nikaacha kuimba.

Jumanne, 4 Februari

Mshenga ni Ami Tembo. Hakuna pa kumkwepea. Baba ni marehemu, Ami ndiye mkubwa wa ukoo, na akipitwa ataninunia mpaka nizeeke. Mimi mwenyewe siwezi kwenda. Anayeoa hahudhurii posa yake, hukaa kwao akingoja kuletewa jibu. Ndiyo desturi, na nimeiheshimu sana mpaka leo asubuhi.

Tabu ya Ami ni kwamba akianza kusema hajui alikotoka wala aendako. Kwenye posa ya binamu yangu alihadithia ng'ombe wake aliyeibwa mpaka chai ikapoa, kisha akaaga akatoka. Posa hakuitaja! Ikabidi warudi wiki ya pili. Na huyu ndiye wa kunisemea habari ya mikoko.

Nimeanza kwa kulainisha mambo. Nimempelekea Bi Mwanapili, mamake Twaiba, zawadi ya spika ya blututhi, nyekundu, ndogo ya kushikika kwa mkono mmoja. Nikampa shikamoo ya kuinama. Nikaiunganisha na simu yangu kumwonyesha, nikamfungulia kaswida, sauti mpaka mwisho. Kuku wakatawanyika. Bi Mwanapili akafurahi mno, akauliza sauti yapitaje bila waya. Nikamweleza kama fundi: simu na vitu vyake huongea vyenyewe kwa vyenyewe, mradi visiwe mbali, yaani chumba hiki na hiki. Havihitaji kredi wala mtandao. Na vikishajuana mara moja, havisahauliani. Akasema laiti watu wangekuwa hivyo, akamtazama mumewe, Mzee Chirau, aliyekuwa amelala mkekani.

Wakati natoka akapita Abubakar, jirani yao. Abubakar ahudumu katika hoteli moja Diani na amevaa saa inayopokea simu. Aliusemesha mkono wake mbele yangu, kwa Kiingereza. Inasemekana mamake naye amtaka Twaiba awe mkwe wake. Nilijifanya sikuiona saa. Nimeiona vizuri sana.

Jumatano, 5 Februari

Nimepata! Nimepata! Na aliyenipa ni Abubakar mwenyewe, maskini, hajui.

Alikuwa dukani kwa Bi Sidi akijisifu. Akasema hotelini kwao siku hizi mkubwa wao huwasemesha kupitia vidude vidogo vya sikioni, wao wamebeba sinia kwa mgeni. Mgeni haoni wala hasikii. Mhudumu aonekana ana akili kumbe anaambiwa.

Aonekana ana akili kumbe anaambiwa! Nikamwona Ami papo hapo. Kofia imeshuka kidogo, kidude kimo ndani ya sikio, mimi niko mahali pa karibu na simu. Nina programu inayochukua sauti yangu na kuipeleka moja kwa moja kwenye kidude. Mimi nanong'ona, Ami asema. Ng'ombe wa wizi hatatajwa.

Mama ameuliza kwa nini nisimpigie Ami simu ya kawaida tu. Nimemweleza kwa upole. Ami ana kabambe, kisimu cha vitufe, ambayo ikilia majirani huitikia. Nyumba ya Mzee Chirau ina bati na minazi, mtandao huja na kuondoka. Tena mtu mwingine aweza kupiga katikati. Blututhi haina mambo hayo. Mama akasema basi nimwandikie Ami kwenye karatasi. Ami hajui miwani yake iliko tangu mwaka jana!

Jioni hii nina raha. Nimekula mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi. Lahaula.

Mara ya kwanza Ami alikitia kidude kwenye sikio la kushoto, ambalo halisikii tangu utotoni. Nilisema naye kutoka uani mpaka nikakauka koo. Alikuwa ndani ametulia, anakunywa chai.

Tukahamia la kulia. Nikanong'ona assalaam alaykum. Ami akaruka, akaitika kwa sauti kubwa, akaenda mlangoni kumkaribisha mgeni. Nikamfahamisha tena kwamba ni mimi, nimo sikioni. Akaniuliza nimeingiaje.

Mara ya tatu akaanza kurudia kila neno. Nikamwambia, Ami, sema tumekuja kwa heri. Akasema, Ami, sema tumekuja kwa heri. Nikamwambia asirudie neno Ami. Akasema, usirudie neno Ami. Mama alikuwa jikoni anacheka peke yake.

Lakini baada ya Adhuhuri akashika! Akayatoa maneno yangu mororo, na mikono anaipeleka, utadhani maneno ni yake. Akasema mwenyewe kwamba hajapata kuwa na fasaha kama leo. Nikamfundisha pia kijisanduku cha kidude: kidude kikitolewa kinawaka, kikirudishwa ndani kinazima. Akasema ameelewa, kijisanduku ni kizuri, atakitunza.

Wasiwasi umenitoka. Umebaki mmoja tu. Ukuta mmoja sauti yapita, kuta mbili yakatika. Lazima niwe karibu sana na sebule ya Mzee Chirau siku ambayo sitakiwi hata kuonekana mtaa ule.

Ijumaa, 7 Februari

Nimekwenda kwa Bi Mwanapili kuulizia afya ya spika. Akasema haizimwi tangu nilipoileta, kwaheri redio. Nikaomba kwenda msalani.

Jamani! Choo chao cha nje kimegusana na ukuta wa sebule. Kina tundu la hewa juu, na tundu linatazama dirisha. Nilimsikia Mzee Chirau akipiga miayo ndani kana kwamba yuko begani pangu. Mahali pa namna hii hata ukiomba ujengewe hupati.

Nilikaa humo nikifurahi, mpaka Bi Mwanapili akaja kuuliza kama nimeumwa na tumbo. Nikasema kidogo. Akanitia machungwa mfukoni.

Jumamosi, 8 Februari

Niyaandike kwa mpango.

Baada ya chakula cha mchana nilimvika Ami kidude mwenyewe, nikashusha kofia. Tukajaribu, akasikia vizuri. Ami na wazee wa kwetu wakaenda msikitini kuswali Alasiri, halafu waelekee kwa Mzee Chirau. Mimi nikasali zangu upesi nyumbani, nikazunguka nyuma ya mihogo, nikaingia chooni kwa wakwe zangu. Nikafunga mlango kwa kamba. Hakuna aliyeniona ila mbuzi.

Wageni wakaingia, salamu zikaenda na kurudi. Nikafungua simu. Simu ikaandika: imeunganishwa. Moyo ukatua. Imeunganishwa na nini, sikusoma. Neno lenyewe nililiona latosha.

Nikaanza. Ami, taratibu. Ami, msifu mwenyeji. Ami, acha sambusa, waachie na wenzako. Wapi! Nikamsikia kupitia tunduni anatafuna. Nikamwambia aitaje minazi yangu, ila asiseme kama mingine imekufa. Nikamwambia wakiulizia pikipiki aseme iko gereji, asiseme nimeiuza. Ami hakutaja hata kimoja. Halafu akakohoa na kuanza: alikuwa na ng'ombe, mweupe, mwenye baka jeusi.

Yarabi! Nikamsihi. Ami, si ng'ombe! Ami, toka kwa ng'ombe! Ami akaendelea naye mpaka zizini.

Hapo mlango ukasukumwa. Bibi Chiku, nyanya yake Twaiba, na birika lake. Nikakohoa, kama mtu akohoavyo kuonyesha chooni kuna mtu. Akangoja. Akakohoa yeye. Nikakohoa tena. Akaguna, akarudi ndani, nami nikashukuru.

Namshukuru Mwenyezi Mungu pia kwa Mzee Chirau, maana ndiye aliyemkata Ami kwa ng'ombe. Alisema wameelewa kilichowaleta, na yeye hana kipingamizi, ila ana swali moja. Binti yake ana kazi ya mikoko kule Gazi. Kijana wao analionaje hilo?

Ndilo! Ndilo lenyewe! Nikaibana simu mdomoni. Ami, hataacha kazi! Sema hataacha!

Nikamsikia Ami akicheka kwa ukarimu. Akasema Mzee asitie shaka hata kidogo, mwanamke akishaolewa ataenda matopeni kufanya nini, atatulia nyumbani kwake.

Sikunong'ona tena. Nilipiga kelele: HATAACHA! Ami, we! Twaiba hataacha mikoko! Ataenda Gazi kila siku ya Mungu na mimi nitampikia uji, nitamfulia na hayo matope! Nampenda na matope yake! Mwambie Mzee, Ami, nitamkosa!

Sauti yangu nikaisikia. Si chooni tu. Ilitoka ndani ya nyumba, kubwa, ya kujaa, yenye mwangwi wa kaswida. Nampenda na matope yake. Nikaitazama simu. Nikasoma mstari wote: imeunganishwa na spika ya Bi Mwanapili.

Sikuwa na pa kwenda. Tundu la hewa dogo. Tundu lile jingine silitaji.

Mzee Chirau akaja mwenyewe uani, wazee nyuma yake, akaniamuru nitoke. Nikatoka, nikatoa shikamoo. Akaitika marahaba, maana ni mtu wa adabu. Akamgeukia Ami, akauliza posa anayotakiwa kuijibu ni ipi, ile ya sebuleni au hii ya chooni?

Nikafumba macho. Nilimsikia Ami akikohoa. Nikajua sasa anarudi kwa ng'ombe.

Ami akasema, na namwandika hapa kwa heshima, kwamba yeye ametumwa tu. Mwenye posa ni huyu aliyetoka chooni, na alilolisema huyu ndilo neno. Yeye Tembo alilolisema lilikuwa la kwake, la mtu aliyeoa zamani, na analirudisha mbele ya wote. Twaiba hataacha kazi. Yeye amekuja na halua tu.

Mzee Chirau akajaribu kukunja uso. Mashavu yakamtoroka. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, akasema tangu azaliwe Tiwi hajaona mtu akihudhuria posa yake msalani. Wazee wakacheka. Bi Mwanapili akatokea mlangoni kashika spika nyekundu kifuani, akatangaza kwamba wanawake wamesikia na wamekubali, na spika hairudishwi.

Nimepona! Wallahi nimepona! Nikakaa juu ya ndoo.

Jumapili, 9 Februari

Nimeamka nikiwa mtu mwepesi. Nimewasalimia hata wale nisiosalimiana nao.

Twaiba amenipigia simu, akanieleza yaliyokuwa chumba cha ndani. Spika ilikuwa juu ya kabati, ikicheza kaswida ya kwenye kadi yake, chini chini. Mara kaswida ikakatika, ikaja sauti ya mtu anayemkataza Ami sambusa. Bibi Chiku alidhani ni jini, akaanza kusoma dua. Halafu akatoka kwenda msalani, akarudi akilalamika kuna mtu chooni anakohoa, na wao wakasema hata kabatini kuna mtu anakohoa. Wakajumlisha. Bi Mwanapili akataka kuizima. Twaiba akamzuia, akaongeza sauti.

Nikamuuliza kwa nini aongeze! Akasema alitaka kusikia kama nitalisema mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Nimelisema. Basi. Kisha akaniuliza pikipiki niliuza lini. Nikasema mtandao unakatika.

Nimekwenda kwa Ami kumbusu mkono na kumuuliza kidude kilikuwa wapi. Akakitoa kijisanduku mfukoni mwa kanzu, safi, kimefungwa. Akanishangaa. Alipotawadha kwa Alasiri, masikio si hupakwa maji? Akakitoa, akakihifadhi ndani ya sanduku lake kama nilivyomfundisha, akaswali, akaenda posani. Kurudisha hakukumbuka. Akasema kwanza alijiona mwepesi bila mimi sikioni. Na simu, ilipomkosa Ami, ikamtafuta mwingine inayemjua.

Sikuweza kumlaumu. Udhu ni udhu.

Abubakar amekuja kunipa hongera, mkono wenye saa mbele. Saa ikalia. Akaiambia yuko na bwana harusi. Ilikuwa na raha hiyo, kuitwa hivyo na saa ya Abubakar. Nimemsamehe yote.

Nimeapa mbele ya Mama: maisha yangu na blututhi yamekwisha. Mama akasema inshallah, akaendelea kukuna nazi.

Alhamisi, 20 Februari

Nikahi ni kesho, baada ya swala ya Ijumaa, msikitini, mbele ya watu wote. Kila kitu kiko tayari. Kanzu imepigwa pasi. Akina mama wa Gazi watakuja, wameahidi kunawa miguu.

Sina wasiwasi. Nina jambo dogo tu. Sheikh akishaniozesha, mimi natakiwa kujibu kwamba nimekubali kumuoa Twaiba binti Chirau kwa mahari yaliyotajwa. Sentensi moja. Nimeijaribu mbele ya kioo, mara ya kwanza nikamtaja Bi Mwanapili. Je, nikikwama hivyo mbele ya Abubakar?

Kiapo nilichoapa kilihusu posa. Nikahi ni jambo jingine.

Na sasa najua kosa lilikuwa wapi! Kosa lilikuwa udhu. Basi kesho nitatawadha kwanza, niswali, kisha ndipo nitie kidude, kofia juu yake. Ami Tembo atakaa nyuma yangu na simu yangu mkononi, aninong'oneze. Ami amefurahi mno, amesema sasa ni zamu yake kuingia sikioni mwangu. Mama ameuliza, kama Ami atakuwa nyuma yangu, kwa nini asininong'oneze kwa mdomo. Mama hajui teknolojia.

Safari hii nimejiandaa. Spika ya Bi Mwanapili nimeifuta kwenye simu, haiijui tena. Na jioni hii nimekwenda msikitini mapema kupima mazingira. Nimekaa mahali nitakapokaa kesho, nikawasha simu. Sikutegemea, lakini ikaonyesha kuna chombo kipya karibu. Ni ile mashine mpya ya vipaza sauti, vile vya juu ya paa, vinavyosikika mpaka barabara ya lami. Ikauliza niiunganishe?

Nikafikiri sana. Mjinga angesema hapana. Lakini chombo usichokijua utakikwepaje? Nimeiunganisha mara moja, kwa sekunde tu, ili simu iijue na kesho isiishangae. Halafu nikazima. Hakuna aliyesikia kitu.

Simu imesema itaikumbuka. Roho yangu imetulia kabisa.